Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kutoka Mbalibali hadi Kasarani

Mtu wa Mbalibali, mkoani Mara, anayetaka kuona kwa macho yake kituo kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya michezo ya kimataifa hana sababu ya kuanza na Dar es Salaam. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko mbali naye kwa zaidi ya kilomita 1,000. Arusha, mji uliopangiwa uwanja mpya kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, uko upande wa pili wa Hifadhi ya Serengeti, na njia ya mkato hupita ndani ya hifadhi na ndani ya Ngorongoro, ambako kila lango lina ushuru wake. Lakini akishika barabara ya Tarime na kuvuka mpaka pale Sirari, anabakiwa na kilomita zipatazo 400 tu kufika Nairobi, na ukingoni mwa Nairobi, kandokando ya barabara ya Thika, ndiko kilipo Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi, ambacho kila mtu hukiita Kasarani. Ndiyo maana safari yangu inaelekea kaskazini. Naifunga na swali moja ambalo wahenga walikwisha kulitolea kipimo waliposema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Michezo ya kimataifa ni mgeni. Huja kwa siku chache, hujengewa nyumba ya fahari, kisha huondoka. Nataka kupima kama mwenyeji amepona, na mwenyeji ninayemsema haishi katika mtaa unaopakana na uwanja peke yake. Yuko pia hapa Mara, na yuko katika kila kijiji cha Afrika Mashariki ambacho mtoto wake hukimbia.

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo hesabu za viwanja huwa hazifiki. Tarime na Serengeti ni wilaya jirani zinazotenganishwa na Mto Mara, mto unaoanzia katika vilima vya Mau nchini Kenya na kumalizikia Ziwa Victoria. Wenyeji wa wilaya hizi, Wakurya na Wangoreme miongoni mwao, ni wakulima na wafugaji, na miguu ya watoto wao huzoea mwendo mrefu kabla hawajajua kwamba mwendo huo una jina katika vitabu vya riadha. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, uwanja wa michezo wa huku ni uwanja wa shule. Ngazi ya kupandia ni mashindano ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, yanayoanzia chini na kupanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Si ngazi ya kudharau. Mkoa huu wa Mara ndio uliomtoa Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na kurudia mwaka 1988. Hakuna kituo cha michezo ya kimataifa kilichomlea utotoni. Kilichokuwepo ni ardhi, shule, na baadaye mfumo uliomwona na kumpa nafasi. Mambo hayo matatu ndiyo nitakayoyatumia kama mizani katika safari yote.

Ukivuka Sirari na kutokea Isebania, nchi haibadiliki ghafla. Wakurya wako pande zote mbili, na barabara inapanda kupitia Migori hadi nyanda za juu za Kisii. Hapa msafiri anayefikiria viwanja ana sababu ya kupunguza mwendo. Kutoka nchi hii ya Wagusii alitokea Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Kasarani ilikuja miaka 19 baadaye. Mbele ya Kisii barabara inashuka na kupanda kupitia nchi ya Wakipsigis, Bomet na kwingineko, nchi ambayo pamoja na Nandi na Elgeyo imejaza majina yake katika orodha za washindi wa dunia. Kwa hiyo kabla hata sijaingia katika Bonde la Ufa kupitia Narok, ushahidi wa kwanza umeshajipanga wenyewe kando ya barabara: sifa ya Kenya katika mbio ilijengwa na watu wa vijijini, na ilikuwa imesimama imara kabla ya nguzo ya kwanza ya Kasarani kusimama. Huu si ushahidi wa kukipuuza kituo. Ni ushahidi wa kukiweka katika nafasi yake sahihi, kwamba kituo kilikuja kupokea kilichokwisha kuzaliwa.

Kasarani yenyewe inastahili kuelezwa kwa haki, kwa kuwa ni kazi kubwa. Kenya ilikuwa imepangiwa kuandaa Michezo ya Afrika ya nne mwaka 1982, baada ya Brazzaville mwaka 1965, Lagos mwaka 1973 na Algiers mwaka 1978. Maandalizi yakachelewa, na michezo ikafanyika tarehe 1 hadi 12 Agosti 1987. Kwa msaada wa China kikajengwa kituo kizima: uwanja mkuu wa kandanda na riadha uliohesabiwa kuchukua watu wapatao 60,000, ukumbi wa ndani wenye viti vipatavyo 5,000 kwa michezo kama mpira wa wavu na kikapu, bwawa la kuogelea la kipimo cha Olimpiki lenye majukwaa yake, viwanja vya mazoezi na malazi ya wanamichezo. Fikra ya kuweka michezo mingi pahali pamoja ilikuwa sahihi. Mwogeleaji na mcheza wavu hawana barabara ya udongo ya kufanyia mazoezi kama alivyo nayo mkimbiaji. Wao wasipopata bwawa na sakafu, mchezo wao haupo. Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba majengo hayana maana katika michezo amezungumzia mbio peke yake na kuwasahau wengine wote. Mtoto wa Mbalibali anaweza kujifunza kukimbia bila jengo, lakini hawezi kujifunza kupiga mbizi kutoka ubaoni mahali pasipo na ubao wala bwawa.

Isitoshe, kuna kazi ambayo uwanja mkubwa peke yake ndio unaoweza kuifanya hata kwa wakimbiaji: kushuhudia. Mwaka 1987, mbele ya watu wao, John Ngugi alishinda mita 5,000 na Patrick Sang akashinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Sang huyo baadaye akawa kocha wa Eliud Kipchoge, na hivyo faida ya michezo ile ikaendelea kutembea ndani ya mtu hata pale saruji ilipoanza kuchakaa. Mwaka 2017 Kasarani ikapokea mashindano ya dunia ya riadha kwa vijana wa chini ya miaka 18, na mwaka 2021 yale ya chini ya miaka 20. Septemba 2021, katika mashindano ya Kip Keino Classic, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 hapo kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Muda kama huo hautambuliwi bila njia iliyopimwa kwa usahihi, kipimo cha upepo na mitambo ya saa inayokubalika. Mtu anaweza kuwa na mbio hizo miguuni mwake, na pasipo uwanja wa kiwango hicho, dunia isijue. Nayaandika haya kwa moyo mmoja, kwani hoja yangu haisimami juu ya kuuficha wema wa Kasarani.

Hoja yangu ni hii: kituo cha michezo ya kimataifa ni kipaza sauti, na nchi zetu zimekuwa zikinunua vipaza sauti huku zikiwaacha waimbaji bila mwalimu. Tazama Iten. Mji huo mdogo ulioko juu ya Bonde la Kerio, pamoja na shule yake ya Mtakatifu Patrick ambako Bruda Colm O'Connell alianza kufundisha mwaka 1976, umetoa mabingwa wa dunia akiwemo David Rudisha. Uwanja wa jirani uliowahudumia wakimbiaji wa huko kwa miaka mingi, Kamariny, ulikuwa na njia ya udongo. Kazi ya kuujenga upya ilipoanza mwaka 2017 ilikwama, na kwa miaka kadhaa mahali palipokuwa pakitumika kila asubuhi pakawa hapatumiki kabisa. Somo lake ni chungu: njia ya udongo iliyo wazi ina thamani kuliko ahadi ya njia ya kisasa ya tartan iliyozungushiwa mabati. Tazama pia Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya dunia na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde, iliyosomwa kwa picha kwenye mstari wa mwisho ndani ya uwanja wa taifa wa Japani. Barabara za Tanzania zilimjenga, na uwanja wa Tokyo ukampima. Tukiondoa barabara, uwanja ungekuwa umempima mtu mwingine.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la heshima ya taifa. Litasema: bila kituo cha kiwango cha kimataifa nchi haiwezi kuwa mwenyeji, na watoto wetu watabaki kuwatazama mabingwa wao wakishangiliwa ughaibuni. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili ni kweli tupu, lakini historia ya Kasarani inaonyesha kwamba jengo halitoshi hata kwa lengo hilo. Kenya ilikuwa na Kasarani ilipopoteza uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ambalo lilipelekwa Afrika Kusini. Ilikuwa nayo bado ilipopokonywa mashindano ya CHAN ya 2018, yale ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, yakaenda Morocco, kwa sababu viwanja vilivyohitajika havikuwa tayari. Miaka 30 baada ya kujengewa kituo kizima, nchi ilionekana haiko tayari. Kilichokosekana hakikuwa jengo. Kilikosekana kile ambacho hakikatiwi utepe: matengenezo ya kila mwaka, bajeti isiyosubiri mgeni mwingine abishe hodi, na watu wenye ujuzi wa kukiendesha. Agosti 2025 Kasarani ilirejea katika heshima yake, fainali ya CHAN ikachezwa hapo na Morocco ikaifunga Madagascar mabao 3 kwa 2. Hata hivyo, katika mashindano hayohayo Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lililazimika kupunguza idadi ya watazamaji kwa sababu ya vurugu za malangoni. Hata uenyeji, basi, unategemea mazoea ya kila siku. Lango linalofunguliwa mara chache kwa umma halijui kuupokea umma unapofika wote kwa pamoja.

Pingamizi la pili linatoka kwa wasimamizi, nalo ni la kifedha: uwanja mkubwa una gharama kubwa, kwa hiyo lazima ukodishwe kwa mikutano, ibada, matamasha na sherehe za serikali. Sina ugomvi na ibada. Papa Fransisko alikutana na vijana Kasarani Novemba 2015, na uwanja uliojaa vijana kwa amani haujapotea. Sina ugomvi pia na kuapishwa kwa marais, kama ilivyofanyika hapo mwaka 2013, 2017 na 2022. Lakini orodha haiishii hapo. Aprili 2014 watu wengi, hasa wa asili ya Kisomali, walizuiliwa katika kituo hicho wakati wa msako wa polisi jijini Nairobi. Oktoba 2025, umati uliokwenda hapo kuuaga mwili wa Raila Odinga ulikabiliwa kwa mabomu ya machozi na risasi, na watu wakapoteza maisha. Sisemi kwamba michezo ingeyazuia hayo. Ninachosema ni kwamba eneo kubwa lenye ukuta na malango, likikosa kalenda yake lenyewe, litajazwa na kalenda ya wenye nguvu. Mahali ambapo Jumatatu ni ya waogeleaji wa shule, Jumanne ya wavu na Jumatano ya warusha mkuki, kila anayetaka kupatumia kwa jambo jingine hulazimika kueleza ni nani anayemwondoa. Kalenda hiyo ni ulinzi wa uwanja na ulinzi wa raia.

Pingamizi la tatu husema kwamba viwanja hivi kwa sehemu kubwa ni msaada, na kwamba aliyepewa hana haki ya kuchagua. Ni kweli kwamba China imeshiriki katika ujenzi wa viwanja vingi vya ukanda wetu: Amaan ya Zanzibar iliyofunguliwa mwaka 1970, Kasarani, na uwanja wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020. Lakini msaada humalizika siku ya makabidhiano. Kuanzia hapo maji ya bwawa, umeme wa taa, nyasi, rangi na mshahara wa mlinzi ni jukumu letu, na fedha hiyo hutoka katika mfuko uleule ambao ungemlipia mtoto wa Serengeti nauli ya kwenda mashindano ya mkoa. Kwa hiyo haki ya kuuliza maswali tunayo, kwa kuwa sisi ndio walipaji wa kudumu. Nchi tajiri pia zimeumizwa na jambo hili. Athens ilijenga viwanja vya Olimpiki ya 2004, na miaka michache tu baadaye baadhi ya vilivyokuwa Helliniko vilikuwa magofu. London, kwa upande wake, ilipanga matumizi ya baadaye kabla ya michezo ya 2012, na bwawa lake la Olimpiki lilifunguliwa kwa umma mwaka 2014, likawa mahali pa watoto kujifunza kuogelea. Utajiri hauielezi tofauti hiyo yote, kwa sababu Ugiriki nayo ilikuwa nchi ya Ulaya yenye fedha za kujengea. Tofauti kubwa ni kwamba London iliuliza swali la siku ya pili kabla ya siku ya kwanza kufika.

Pingamizi la nne ndilo zito zaidi kwangu, maana linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema: vijiji ni maelfu, fedha ni kidogo, na ukigawanya shilingi za uwanja mmoja kwa vijiji vyote kila kimoja kitapata kiasi kisichojenga chochote. Heri kimoja kizuri kuliko elfu vibovu. Ningekubaliana nao kama ningekuwa naomba Kasarani ndogo Mbalibali. Siombi hivyo. Kijiji kinahitaji mambo machache: uwanja uliosawazishwa na kupimwa, wenye hati inayoulinda usimegwe kwa ujenzi, mwalimu mmoja wa michezo aliyefundwa kazi hiyo na kupewa muda wa kuifanya, mipira, viunzi na saa, na nauli ya uhakika ya kupanda ngazi ya mashindano ya shule kila mwaka. Hayo hayahitaji mkandarasi wa kigeni. Yanahitaji mstari katika bajeti ya halmashauri, na afisa michezo wa wilaya mwenye chombo cha usafiri na madaraka. Juu ya kijiji panafuata wilaya, ambapo uwanja mmoja wenye njia ya mita 400 iliyotunzwa vizuri, hata iwe ya udongo, ungetosha kuwapima vijana wa kata zote. Kisha mkoa, kisha kituo cha taifa. Ngazi isiyo na vipandio vya chini haipandiki, hata kilele chake kikiwa cha dhahabu.

Naiongezea ngazi hiyo jambo moja ambalo jiografia ya Mara inalidai. Viwanja vipya vilivyopangwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, Arusha, Nairobi na Hoima, ni vya nchi tatu zilizoomba uenyeji kwa pamoja na kuupata Septemba 2023. Kama nchi hizi zimeweza kuandaa kombe moja, zinaweza pia kuwa na mpango mmoja wa matumizi. Shule za sekondari za Afrika Mashariki tayari hukutana katika michezo ya FEASSSA, kwa hiyo mlango wa ushirikiano upo wazi. Mtoto wa Tarime yuko karibu zaidi na bwawa la Kasarani kuliko na uwanja wowote wa Dar es Salaam, na mtoto wa Migori ana jirani zake Sirari. Hakuna sababu ya mpaka kuwazuia kutumia kambi za mazoezi za pamoja wakati wa likizo, zikiratibiwa na wizara husika za pande zote. Ukaribu huo wa kilomita 400 utakuwa na maana pale tu jina la mtoto wa Mara litakapoingia katika ratiba ya kituo, mbali na kuwa na nafasi ya kununua tiketi.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza kwa kila kituo cha michezo ya kimataifa katika ukanda wetu ni cha wazi na kinaweza kutumiwa na mwananchi yeyote. Serikali inapotangaza uwanja mpya, itangaze pamoja nao mambo matatu: bajeti ya matengenezo ya miaka kumi, kalenda ya wiki inayoonyesha siku za shule na za umma, na idadi ya viwanja vya kata vitakavyosawazishwa katika kipindi kilekile cha ujenzi. Mambo hayo yakikosekana, wabunge wasipitishe fedha. Baada ya hapo, kila mwaka, kituo kichapishe takwimu za wanamichezo waliokitumia na wilaya walizotoka. Uwanja ambao takwimu zake zinawataja watoto wa wilaya za pembezoni, Tarime na Serengeti zikiwemo, utakuwa umelipa deni lake hata kama hautaandaa tena fainali yoyote. Uwanja ambao hauwezi kuwataja bado unadaiwa, hata ukiwa na viti 60,000 na taa za kumulika usiku kucha. AFCON ya 2027 itachezwa kwa majuma machache, na sisi tutaishi na viwanja vyake kwa miaka 40 au zaidi. Wakati wa kudai hesabu hiyo ni sasa, kabla mgeni hajafika.